Tathmini ya haraka baada ya mafuriko: anza na ndoo, usianze na "mnahitaji nini?"

Wadau, kila masika yakichachamaa napigiwa simu zile zile: "Tuna timu, tuna gari, kesho tunaingia kijijini. Tuulize nini?" Nimeona niandike somo hili mara moja, anayeuliza nimwelekeze hapa. Mifano mingi ni ya bonde la Mto Rufiji, mkoani Pwani, Tanzania, Aprili 2024, kwa sababu ndiko nilikojifunzia kazi hii na ndiko nilikoikosea.

Mtakumbuka ule msimu wa mvua za El Nino. Mwishoni mwa Aprili Bunge lilielezwa kwamba watu 155 wamefariki nchi nzima na kaya zaidi ya 51,000 zimeguswa. Halafu mwanzoni mwa Mei kikaja kimbunga Hidaya juu yake. Kule Rufiji na Kibiti maji hayakupita tu yakaenda zake. Yalikaa.

HATUA YA 1: Kabla ya kuwasha gari

Tathmini ya haraka ni kazi ya siku tatu, si utafiti. Mtoa msaada anataka kujua watu ni wangapi, wako wapi, kipi kinaweza kuwaua kwanza na njia ipi inapitika. Ukimpelekea asilimia zenye nukta mbili siku ya kumi, umechelewa.

Kwa hiyo usiku wa kuamkia safari kusanya kilichopo tayari. Idadi ya watu kwa kata iko kwenye Sensa ya 2022. Zahanati ina rejista ya watoto na wajawazito. Shule ina mahudhurio. Ukifika, ripoti kwanza kwa kamati ya maafa. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022 imezitambua kamati hizi kuanzia kijijini hadi taifani. Nimeona timu zimeingia kijijini kimya kimya, saa sita mchana zinaulizwa na mgambo zimetumwa na nani, siku ikafia hapo.

HATUA YA 2: Chagua vijiji kwa makusudi

Bahati nasibu waachie wenye muda. Wewe chagua kilichopigwa zaidi, chagua ambacho barabara yake imekatika, na chagua kimoja ambacho maji hayakukifikia kabisa. Hiki cha mwisho watu hukicheka, lakini huko ndiko waathirika walikokimbilia kwa shangazi na kwa wakwe. Nyumba ya watu sita sasa ina watu kumi na tisa, debe la unga ni lile lile, na kwa kuwa hawako kambini hakuna anayewahesabu.

Rufiji ina mtego wake. Baada ya mafuriko ya 1968 serikali iliwahamishia watu juu kwenye miinuko, ile wazee wanayoiita Operesheni Rufiji. Nyumba zikapanda juu, mashamba yenye rutuba yakabaki chini bondeni. Ndiyo maana hadi leo mtu ana nyumba kijijini na ana dungu shambani, kibanda juu ya nguzo ambamo familia hulala miezi kadhaa kulinda mpunga. Sisi tulihesabu waliolala madarasani, tukafunga daftari. Siku ya pili mvuvi mmoja akatuuliza, "Na wale wa madunguni mmewaandika?" Hatukuwa na habari nao. Tulipowafikia kwa mtumbwi, maji yalikuwa yamebakiza kama shubiri mbili kufika sakafu ya dungu, na bibi mmoja alikuwa anapika juu ya chungu kilichojazwa majivu ili moto usiunguze fito.

Kuna na wafugaji waliohamia bondeni na ng'ombe wao. Wengi hawamo kwenye daftari la mkazi. Ukifuata daftari peke yake, hawapo duniani.

HATUA YA 3: Timu

Watu wanne wanatosha, wawili wawe wanawake. Mmoja awe mwenyeji anayejua njia na anayesikia Kindengereko, maana mzee akichoka huhamia lugha yake na hapo ndipo anaposema la maana. Simu zijae chaji, karatasi ziwepo, buti ziwepo. Mengine mtakula mtakayoyakuta.

HATUA YA 4: Tembea kwanza, kaa baadaye

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu hii ndiyo kazi yenyewe.

Mwenyekiti atakuwa ameandaa viti chini ya mwembe. Msalimie, mshukuru, kisha mwombe akutembeze kwanza. Tazama alama ya tope ukutani: iko magotini, kiunoni, au imepita dirisha? Harufu ya choo inatoka upande gani wa kisima? Watoto wanachota wapi? Chungulia jikoni kwa ruhusa ya mwenye jiko. Jivu baridi saa saba mchana linakueleza jambo ambalo hakuna atakayelisema mbele ya mgeni.

Kisha ndoo. Mwombe mama akuonyeshe vyombo vyote vya maji alivyonavyo. Tuseme ana ndoo mbili za lita 20, anazijaza mara moja kwa siku, na kaya ina watu tisa. Lita 40 gawa kwa tisa, kila mtu anapata lita nne na kitu. Viwango vya Sphere, yaani viwango vya kimataifa vya misaada ya dharura ambavyo mashirika mengi hupimia kazi zao, vinataka angalau lita 15 kwa mtu kwa siku. Umeshapata namba, na hukumuuliza mtu kama ana shida ya maji. Umegundua pia kwamba huenda shida si kisima, ni vyombo. Kisima kinaweza kuwa kizima huku ndoo zote zimekwenda na maji.

Fanya hivyo hivyo kambini. Darasa la mita 7 kwa 9 lina mita za mraba 63. Kipimo ni mita za mraba 3.5 kwa mtu, kwa hiyo hapo wanalala watu 18. Ukikuta magodoro yamebanana na watu 60, andika. Matundu ya choo sita kwa watu 640 ni watu zaidi ya mia kwa tundu. Siku za mwanzo tunakubali watu 50 kwa tundu, yaani yanatakiwa 13, yamepungua saba. Mhandisi wa wilaya akisoma "matundu saba" anajua la kufanya kesho. Akisoma "hali ya vyoo ni mbaya" hana cha kufanya.

Kama una mhudumu wa afya ngazi ya jamii mwenye utepe wa kupimia mkono, wapimwe watoto wa miezi 6 hadi 59. Mkono chini ya milimita 115 ni utapiamlo mkali, mtoto huyo anaenda zahanati leo, hasubiri ripoti yako.

HATUA YA 5: Maswali

Sasa kaa chini ya mwembe. Na swali la "mnahitaji nini?" lifute. Ukiliuliza, utasomewa orodha ya vitu ambavyo mgeni aliyetangulia alivileta: unga, mafuta, magodoro. Si kwamba watu ni waongo. Wanakusaidia. Wanakutajia unachoweza kuwa nacho.

Uliza jana. Jana mlikula mara ngapi, chakula kilitoka wapi, nani alikosa? Usiku mlilala wapi, na kabla ya maji mlikuwa mnalala wapi? Aliyeumwa alikwenda wapi, kwa usafiri gani? Kisha uliza mbele: wiki ijayo utakuwa unafanya kazi gani? Wanawake wakae peke yao na dada wa timu, maana habari za taulo za kike na za kuoga gizani hazisemwi mbele ya mwenyekiti.

Hilo swali la wiki ijayo mimi nililipuuza, na limenigharimu. Mkutano ulikuwa umekwisha, nafunga begi, bibi mmoja akaniambia, "Mwanangu, maji yakishuka mimi nitapanda nini?" Nikamjibu kwamba tutaliangalia. Fomu yetu haikuwa na sehemu ya mbegu. Sikujua kwamba huko kuna kilimo cha mlau: maji yakiondoka yanaacha udongo umelowa, watu wanapanda mahindi na kunde juu ya unyevu ule ule bila kusubiri mvua. Dirisha lake ni wiki chache tu. Unga ulikuja, nashukuru. Mbegu zilipokuja, udongo ulikuwa umeshapasuka.

HATUA YA 6: Ripoti usiku huo huo

Kurasa mbili. Juu kabisa mambo matatu ya haraka yenye namba na jina la kitongoji. Kila taarifa iandikwe ilikotoka: nimeona, nimeambiwa na mmoja, au nimeambiwa na watatu tofauti. Maeneo ambayo hukufika yataje, msomaji asidhani ukimya wako maana yake huko ni salama. Nakala moja irudi kwa mtendaji wa kijiji. Watu wanasahau hili, halafu wanashangaa mwakani hawapokelewi.

MASWALI YA WANACHAMA

Mdau wa Kilosa: Mkuu, shukrani kwa somo. Mtendaji akinipa orodha ya kaya 400 na mimi kwa macho naona kama 250, nifanye nini? Nikibisha nitafukuzwa.

Jibu: Usibishe, kaka. Mwombe mkae na wenyeviti wa vitongoji mmoja mmoja, uhesabu upya kwa kila kitongoji. Mara nyingi utakuta tofauti ina maelezo: kijana aliyeoa juzi ameandikwa peke yake na kwa baba yake pia, au kaya zilizopoteza shamba zimechanganywa na zilizopoteza nyumba. Bado haikubaliani? Andika "kati ya 250 na 400" na sababu. Namba yenye mipaka ni ya kweli kuliko namba moja ya kulazimisha.

Muuguzi, Lindi: Samahani, hujagusa ukatili wa kijinsia. Tuulizeje?

Jibu: Dada, umenishika. Kwenye tathmini ya haraka usimuulize mtu mmoja mmoja kama amefanyiwa. Huna faragha, huna muda wa kukaa naye, na kesho unaondoka. Tazama mazingira: vyoo vina komeo? Kuna taa? Wanawake na wanaume wamelazwa chumba kimoja? Kuni zinafuatwa wapi na saa ngapi? Uwe na orodha mfukoni: zahanati iliyo wazi, dawati la jinsia na watoto la polisi, na namba 116 ya huduma kwa mtoto. Mtu akijieleza mwenyewe, msikilize, mpeleke kwa ridhaa yake. Dawa za kuzuia VVU zinatakiwa ndani ya saa 72 tangu tukio, wewe ni muuguzi unajua kwa nini nakazia.

Mwanachama wa Bukavu: Ndugu mwandishi, kwetu Kalehe, Kivu Kusini, baada ya ile mafuriko ya Mei 2023, Bushushu na Nyamukubi, watu walichoka na maswali. Timu inaingia asubuhi, nyingine mchana, zote zinauliza majina ya waliokufa. Mtu amepoteza watoto, anahesabishwa mara tano. Tuseme nini mbele yao?

Jibu: Poleni sana, ndugu yangu. Majina ya marehemu hayana kazi kwenye tathmini ya mahitaji, idadi ichukueni kwa chifu au zahanati. Kabla ya kuingia, ulizia nani ametangulia na uombe karatasi zake, hata kama ni za shirika mnaloshindana nalo. Kisha mfikapo semeni wazi: "Hatujaleta kitu leo, na hatujui kama kitakuja." Wapo watakaoinuka waondoke. Waacheni.

Kijana wa kujitolea, Hanang: Kwetu 2023 yalikuwa maporomoko ya tope, si maji ya kusimama. Hatua ni hizi hizi?

Jibu: Kwa sehemu kubwa, ila mlimani ongeza swali la kwanza kabisa: je, hapa tuliposimama ni salama? Muulize mzee mvua ikinyesha tena tope litapita wapi, akuonyeshe kwa mkono. Usikae na timu yako kwenye mkondo huo ukijaza fomu. Vilevile tope hufunika visima na mipaka ya viwanja, kwa hiyo ulizia hati na vitambulisho mapema.

Mdau wa Kilosa: Nimerudi tena mkuu. Fomu ya simu bila mtandao inafanya kazi?

Jibu: KoboToolbox, programu ya kukusanya taarifa kwa simu, inajaza bila mtandao, unatuma ukipata minara. Ila beba na karatasi. Simu yangu ilizama Rufiji siku ya kwanza, saa nne asubuhi.

Muuguzi, Lindi: Unaweza kuweka dodoso lako hapa?

Jibu: Nitaliweka, dada, nikishalisafisha. Ni ukurasa mmoja, maswali kumi na mbili, na la kumi na mbili sasa ni la mbegu.