Kutoka Houston kwenda Iowa kutafuta kazi ukiwa na hela kidogo, fanya hivi

Hapa Houston kila ukikaa na watu wetu utasikia habari za Iowa. Shemeji yuko Des Moines anasema kiwanda cha nyama kinachukua watu, Kiingereza kidogo tu kinatosha, ovataimu ipo, nyumba bei nafuu, basi mtu Ijumaa jioni kashapakia gari watoto nyuma anaondoka. Mimi simkatazi mtu kuhama jamani, kuna familia nazijua zimenyanyuka kabisa kwa kuhama. Ila ujue mafuta ya gari ndo gharama ndogo kuliko zote. Kinachowamaliza watu ni zile wiki tano sita za mwanzo, unakula unalala unazunguka na mshahara bado haujaingia.

Kwa hiyo kabla hujagusa sanduku, kazi kwanza. Shemeji akisema "wanaajiri" hiyo bado siyo kazi. Omba ukiwa huku huku Texas, kwa simu au intaneti, halafu wakikupigia uliza wazi: malipo ya kuanzia kwa saa ni ngapi, shifti ya saa ngapi, hundi ya kwanza inatoka wiki ya ngapi, bima inaanza lini. Hilo swali la hundi usilione dogo, sehemu nyingi wanashikilia wiki ya kwanza, unapiga kazi wiki mbili unalipwa moja. Kabla ya hapo kuna kipimo cha madawa na kusubiri siku ya mafunzo. Wakikukubali, omba barua ya kuajiriwa yenye malipo na tarehe ya kuanza. Usione aibu kuiomba, maana hiyo barua ndo itakupatia nyumba wakati huna hata karatasi moja ya mshahara wa Iowa.

Tuje kwenye nyumba, hapa ndo watu wanakwama. Wenye apatimenti wengi wanataka kipato mara tatu ya kodi kabla ya makato. Piga hesabu: dola 18 kwa saa, saa 40 kwa wiki, kwa mwezi ni kama dola 3,120. Gawa kwa tatu unapata 1,040, hiyo ndo kodi ya juu kabisa watakayokukubalia kama mnategemea mshahara mmoja. Nyumba ya 1,000 ina maana kodi ya kwanza 1,000, dipoziti mara nyingi nyingine 1,000, ada ya kuomba kwa kila mtu mzima na hiyo hairudi hata wakikukataa, halafu kampuni ya umeme nayo inaweza kutaka dipoziti yake kama huna historia ya krediti. Yaani kabla hujanunua hata unga ushavuka dola 2,000. Na usitume hela kwa nyumba uliyoiona kwenye picha tu, anayekuharakisha utume kwa Zelle (kutuma hela benki kwa simu) au kadi za zawadi kabla ya kuiona huyo ni mwizi, mtume shemeji akaingie mpaka ndani, afungue hata mabomba ya maji.

Ushauri wangu, na huu nausimamia, aende mtu mmoja kwanza. Baba au mama atangulie, familia ibaki mpaka mkataba wa nyumba ya Houston uishe au mpaka hundi mbili za kwanza ziingie. Inauma kukaa mbali, naelewa, lakini mtu mmoja analala kwa ndugu, watu sita hawawezi. Na huyo ndugu mheshimu, mikataba mingi hairuhusu mgeni kulala zaidi ya wiki mbili hivi, mwenye nyumba akigundua anayeandikiwa barua ya kutoka ni ndugu yako siyo wewe. Mwambie amuulize meneja mapema kama unaweza kuongezwa kwa muda, na uchangie chakula na umeme tangu wiki ya kwanza.

Kuondoka Texas nako kuna utaratibu wake. Soma mkataba wako, mingi inataka taarifa ya siku 60 kwa maandishi. Ukikimbia usiku, deni linaingia kwenye rekodi yako na linakukuta Iowa siku unaomba nyumba. Piga picha kila chumba ukishafagia, na umwachie mwenye nyumba anuani mpya kwa maandishi, maana sheria ya Texas inampa siku 30 kurudisha dipoziti au kukupa orodha ya alichokata, ila bila anuani yako ya maandishi halazimiki kukurudishia wala kukupa hiyo orodha.

Karatasi sasa. Grinkadi, kadi za soshal, vyeti vya kuzaliwa, kadi za chanjo za watoto, weka zote kwenye bahasha moja, na bahasha ikae mwilini au kwenye begi la mkononi, siyo kwenye boksi la U-Haul (gari la kukodi la kuhamia) wala kwenye buti la basi. Kazini unatakiwa uonyeshe vitambulisho halisi ndani ya siku tatu za kazi tangu uanze, kopi kwenye simu haikubaliki. Kama siyo raia, wajulishe idara ya uhamiaji, USCIS, anuani mpya ndani ya siku 10, fomu inaitwa AR-11, inajazwa bure kwenye mtandao, usimlipe mtu dola 50 akujazie. Mwenye kesi mahakama ya uhamiaji ana fomu nyingine, EOIR-33, na muda wake ni siku 5 za kazi.

Misaada ya serikali haivuki jimbo. Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo) ya Texas ukifika Iowa haifanyi kazi ukitoa dharura, kwa hiyo mwenye presha au sukari achukue dawa za kutosha kabla ya kuondoka. Kadi ya chakula ina nafuu kidogo, hela iliyomo inaswaipu jimbo lolote, lakini lazima ufunge kesi Texas ndo uombe Iowa, huwezi kupokea majimbo mawili mwezi mmoja. Omba barua ya kufungwa kesi uondoke nayo. Iowa ilipanua Medicaid kwa watu wazima, Texas bado, kwa hiyo hata kama Houston ulinyimwa omba tena. Ukikwama piga 211, namba ya simu ya kuulizia misaada, wana wakalimani, sema tu "Swahili" usubiri. Mwenye vocha ya nyumba (msaada wa serikali wa kulipia kodi) asihame kabla hajaongea na ofisi yake ya nyumba, vocha inaweza kuhamishwa lakini wao ndo wanaanzisha.

Watoto shule wanaingia hata kama mnalala kwa ndugu kwa kukosa kwenu, sheria inawalinda, usikubali kuambiwa mpaka ulete mkataba wa nyumba.

Baridi isikukute Januari na koti la Houston. Shifti nyingi zinaanza saa kumi na moja alfajiri, miji midogo hakuna basi, na gari lenye betri ya zamani haliwaki. Ukiweza hamia Aprili au Mei. Kama umehamia kipindi cha baridi omba LIHEAP haraka, wanasaidia bili ya joto, na Iowa mtu aliyekubaliwa LIHEAP hakatiwi umeme wala gesi kuanzia Novemba 1 mpaka Aprili 1.

Leseni ya Iowa badilisha ndani ya siku 30. Kodi ya mapato Texas hakuna, Iowa ipo, tangu 2025 ni asilimia 3.8, usishtuke ukiiona kwenye hundi. Na mwajiri wako wa Houston mpe anuani mpya kabla ya Desemba, W-2 yake (karatasi ya mshahara na makato ya mwaka) itatumwa Januari na bila hiyo hesabu ya kodi ya mwaka haikamiliki.