Mwanza–Dar kwa ndege, piga hesabu ya mlango kwa mlango
Wadau mnaopanda ndege Mwanza kwenda Dar, msidanganyike na ile "saa moja na nusu tu". Kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 850, kwa barabara ya Shinyanga, Singida na Dodoma zinapita 1,100 ndo maana basi linakula siku nzima, lakini huo muda wa tiketi ni wa ndege peke yake. Jeti inawahi, ya mapangaboi inachelewa kidogo, na ukikuta inapitia Kilimanjaro basi jumlisha saa nzima au zaidi, so angalia kabla hujalipia. Mimi natoka Buhongwa, uwanja uko kule Ilemela, yaani navuka mji mzima, bado foleni ya Dar ukishuka, kwa hiyo kikao cha saa nne asubuhi naenda jana yake jioni. Halafu ukibeba samaki aina ya sato, wagandishe kabisa usiku kucha, mi boksi langu lilianza kuvuja pale kwenye mizani nikaambiwa nikafunge upya, jasho lilinitoka huku watu wanaitwa kupanda.