Kabla mwanambuzi hajazaliwa: lishe ya kuweka tayari

Nyuma ya mlango wa stoo yangu hapa Rongai, Nakuru, kuna mistari ya makaa. Kila mstari ni siku ambayo mbuzi fulani alipandwa, na kando yake nimeandika tarehe ya siku 150 mbele. Jirani akija kuniuliza ampe nini mwanambuzi wa mwezi mmoja ambaye pingili za mgongo zinahesabika kwa kidole, humpeleka kwanza kwenye mlango huo. Swali lake ni zuri, ila limechelewa nusu mwaka na ushei.

Hesabu yenyewe ni hii. Kaliandra, mti wa majani ya kulisha mifugo, huvunwa mara ya kwanza miezi 9 hadi 12 baada ya mche kuingia shambani. Mbuzi hubeba mimba miezi mitano, na mtoto huanza kudonoa majani akiwa na wiki mbili hivi. Kwa maneno mengine, mti una mimba ndefu kuliko mbuzi. Ukimwita beberu leo na ukingo wa shamba bado mtupu, umeshaamua bila kujua kwamba watoto watakula cha gunia, au mabua. Lusani na desmodiamu, majani ya lishe ya jamii ya kunde, ni za haraka kidogo. Ukizipanda mvua ya Machi ikishashika, utaanza kukata baada ya miezi mitatu au minne. Mkombozi wa aliyechelewa ni majani ya viazi vitamu. Kule Vihiga nilikozaliwa watu huyakatia mbuzi tangu zamani, na mwanambuzi huyapenda kuliko karibu kila kitu: laini, yana protini, na hayamchoshi kutafuna.

Majani kiasi gani? Hapa ndipo wengi hukadiria kwa macho. Mwanambuzi aliyeachishwa ziwa hula kila siku chakula kikavu, yaani maji yakishatolewa, kama asilimia 3 hadi 4 ya uzito wake. Wa kilo 15 anataka karibu nusu kilo. Lakini majani mabichi robo tatu yake au zaidi ni maji, kwa hiyo nusu kilo hiyo ni kama kilo mbili za kukata kwa panga. Kisha mbuzi ana madaha: jani likishaanguka na kukanyagwa, hata awe na njaa vipi, haligusi. Ongeza theluthi ya kupotea. Watoto wanne, miezi sita, inakaribia tani mbili za majani mabichi. Siku nilipomaliza hesabu hiyo kwa mara ya kwanza niliuza mbuzi mmoja.

Chakula cha mtoto huanzia kwa mama. Sehemu kubwa ya uzito wa mtoto huongezeka katika wiki sita za mwisho za mimba, na pacha wakiwa tumboni hubana tumbo la chakula, mama akawa anahitaji zaidi huku nafasi ya kulia ikipungua. Acha kumkamua miezi miwili kabla ya tarehe ya mlangoni. Wiki hizo sita mpe majani bora uliyo nayo, na chakula cha nafaka kidogo kidogo ukipandisha kutoka konzi moja hadi robo kilo hivi kwa siku. Mama aliyelishwa mabua ya mahindi peke yake mpaka siku ya kuzaa hutoa mtoto wa kilo moja na nusu asiyeweza kusimama, na dang'a yake, yale maziwa ya kwanza, ni kama machozi.

Kuhusu hiyo dang'a sina mzaha. Mwanambuzi huzaliwa bila kinga ya maana mwilini. Kinga yake yote ya mwanzo imo ndani ya maziwa hayo mazito ya manjano, na utumbo wake huipokea vizuri saa chache za kwanza tu. Baada ya siku moja mlango huo umefungwa. Mtoto wa kilo 3 apate kama mililita 150 ndani ya saa moja au mbili, na mililita 300 kabla siku haijaisha. Andaa kabla: chupa yenye chuchu, kitambaa kikavu, iodini ya kitovu, na dang'a ya akiba. Dang'a ya akiba ni ile uliyomkamua mbuzi mwingine mwenye maziwa mengi ukaigandisha kwenye friji, hata kama ni friji ya shemeji. Ikihitajika, iyeyushe kwa kuizamisha kwenye maji ya uvuguvugu. Usiichemshe. Niliwahi kuichemsha, ikaganda kama yai kwenye sufuria saa tisa usiku, na mtoto akawa anaugulia miguuni pangu. Ukikosa kabisa, dang'a ya ng'ombe itamshikilia.

Sasa vita vya maziwa ya chai. Mama yangu alikuja kututembelea mwaka ule wa kwanza wa mbuzi wa maziwa aina ya Toggenburg, akanikuta asubuhi nimewafungia watoto upande mmoja, nakamua mpaka tone la mwisho. Akasimama mlangoni na kanga yake mabegani. "Baba," akaniuliza, "hapa mnakamua ama mnaiba?" Nilicheka. Watoto hao niliwaachisha wakiwa na wiki nane ili maziwa yatoshe nyumbani na yabaki ya kuuza. Kufikia wiki ya kumi na mbili walikuwa na matumbo kama ngoma na migongo kama ya paka mgonjwa. Mmoja alikufa, wawili hawakufikia ukubwa wa mama zao mpaka leo.

Kwa hiyo amueni nyumbani, kabla mbuzi hajazaa, maziwa ya nani yanaanza. Mtoto anahitaji kwa siku kama asilimia 15 hadi 20 ya uzito wake: wa kilo 4 ni mililita 600 hadi 800, agawiwe mara tatu au nne mwanzoni, yakiwa na joto la mwili wa mama yake. Yaliyopoa yanaweza kumharisha. Mama wa lita mbili mwenye pacha, mwezi wa kwanza, hana ziada ya kusema. Chai ya rangi haijawahi kuua mtu.

Kwa nini wiki nane ziliwashinda wangu? Kwa sababu tumbo halikuwa tayari. Mbuzi ana matumbo manne, lakini mchanga anatumia moja tu, lile la nne. Maziwa hupita kwenye mfereji unaojikunja na kuruka yale mengine. Tumbo kubwa la kucheulia lipo, ila ni kama mfuko uliokunjwa. Kinachoufungua ni chakula kigumu na vijidudu vinavyokichachusha humo ndani. Mtoto asiyepewa majani na nafaka mpaka siku ya kuachishwa hufika siku hiyo akiwa na mfuko uliokunjwa bado. Ukimjaza nyasi ngumu anavimba tumbo, lakini mwili haupati kitu.

Ndiyo maana kizimba cha watoto kijengwe mapema, chenye mwanya wa kupita wao tu bila mama. Ndani weka kisahani cha chakula, maji, na fungu la majani lililoning'inizwa. Mimi hufunga matawi ya kaliandra kwa kamba ya katani kwenye boriti, kimo cha kichwa cha mtoto na juu kidogo. Wa wiki tatu husimama kwa miguu ya nyuma, huvuta jani moja, hulitafuna kwa nusu dakika kama mtu anayeonja sumu, kisha hurudi kwa la pili. Ni jambo dogo, lakini tumbo lile linafunguka jani kwa jani. Kaliandra isizidi theluthi ya majani yote, kwa kuwa ina tanini, kemikali kali inayofunga protini, na ni heri aile mbichi.

Chakula cha kisahani kiwe na protini ya asilimia 16 hadi 18. Unaweza kuchanganya mwenyewe: kilo 6 za pumba za mahindi, kilo 4 za mashudu ya alizeti, na madini kidogo, ukafika karibu na hapo mashudu yakiwa ya kweli. Ya kweli, nasisitiza. Duka moja liliwahi kuniuzia gunia ambalo nilipolifungua lilinuka kama nguo zilizolala zimeloa. Ukungu huo una sumu ya kuharibu ini, na mtoto ndiye huwahi kudhurika. Sasa kabla sijalipa nachukua konzi, nanusa, kisha naitia kwenye glasi ya maji. Mchanga huzama, na mwenye duka hutazama pembeni. Anza na gramu chache mno, zile anazomaliza, na ufagie mabaki kila asubuhi. Afikie gramu 150 hadi 200 kwa siku wakati wa kuachishwa. Usipandishe kwa ghafla. Mwanambuzi aliyevamia gunia usiku anaweza kukutwa asubuhi amekufa kwa sumu inayozuka tumboni, na kwa sumu hiyo kuna chanjo ya kumuulizia daktari wa mifugo mapema.

Kuachisha nako, pima. Kalenda husema miezi mitatu, nami huisikiliza, lakini mizani ndiyo hakimu: awe na mara mbili na nusu ya uzito aliozaliwa nao, kwa uchache, na awe anamaliza chakula chake kila siku. Nina mizani ya kuning'iniza ya wauza viazi na gunia lililotobolewa matundu manne ya miguu. Mtoto huning'inia humo akipiga kelele kana kwamba anauzwa, namba inasomwa, anashuka. Kila Jumamosi. Chotara wangu wa Toggenburg akila vizuri huongeza gramu 80 hadi 100 kwa siku. Wiki mbili bila kuongeza kitu ni habari ya minyoo au kuharisha damu, na hapo lishe peke yake haitamwokoa. Banda liwe kavu, sakafu ya mbao iliyoinuliwa, chakula kisiguse chini.

Kuna jambo la hapa kwetu Nakuru ambalo watu wa vitabu vya jumla hawalisemi. Wafugaji wa enzi ya ukoloni walishangaa ng'ombe na kondoo wao kukonda, kupungukiwa damu na kukataa chakula huku nyasi zimejaa magotini. Waliuita ugonjwa huo Nakuruitis. Kumbe udongo huu wa majivu ya volkano, sehemu nyingine, hauna kobalti ya kutosha, na bila kobalti vijidudu vya tumboni haviwezi kutengeneza vitamini B12. Kwa hiyo jiwe la chumvi la madini ni chakula hasa, liwepo kizimbani tangu mwanzo. Soma karatasi yake: liwe na kobalti, na liwe la mbuzi. Lile la kondoo huwekwa shaba kidogo au haiwekwi kabisa, maana shaba humsumbua kondoo, lakini mbuzi anaihitaji.

Maji nayo yana siri. Visima virefu vya sehemu nyingi za huku, Njoro ikiwemo, vina floraidi nyingi, ile ile inayotia meno ya watu rangi ya kahawia. Meno ya utu uzima ya mwanambuzi bado yanajengwa ndani ya taya, na mbuzi mwenye meno mabovu hachumi majani vizuri maisha yake yote. Tangi la maji ya mvua kutoka mabati ya banda, hata la lita mia chache, wawekee wadogo kwanza.

Madume mliyokusudia kuwanenepesha msiwahasi wakiwa wachanga sana, na msiwalishe pumba tupu. Pumba zina fosforasi nyingi na kalisi kidogo, wakati mwili unataka kalisi mara mbili ya fosforasi. Matokeo yake ni vijiwe kwenye njia ya mkojo: dume anasimama, anajikamua, analia, hakuna kinachotoka. Lusani au desmodiamu, yenye kalisi, ilingane na pumba hizo, na maji yasikauke. Wale wasiohasiwa watengwe wakifika miezi mitatu au minne, kwa kuwa wanaweza kupanda hata dada zao.

Pitia pia ua wote kabla watoto hawajaanza kuzurura. Majani ya parachichi ni sumu kwa mbuzi. Majani mabichi ya muhogo, machipukizi ya mtama baada ya kukatwa, lantana, vile vile. Na lusani yenye umande wa asubuhi inyaushwe kwanza, la sivyo tumbo litajaa gesi.

Yule mdogo wa waliookoka mwaka ule wa kukamua kwa wizi alinizalia mtamba mmoja, nikamlea kwa mpango huu. Wengi huwapeleka kwa beberu wakifika miezi minane, nami huwasubiri wafike theluthi mbili za uzito wa mbuzi mzima. Huyu alifika kilo 31 akiwa na miezi kumi na mmoja. Siku aliyopandwa nilichora mstari wake mlangoni, kisha nikashuka kukagua kaliandra ya ukingo wa chini, iliyokuwa imenifika kiunoni.