Somo: Sampuli za kudhibiti ubora ukienda kuchukua maji ya visima (floraidi na naitreti)

Wadau habari zenu. Leo tuongelee sampuli za kudhibiti ubora, kitu ambacho watu wengi wa fildi wanakiruka kwa sababu kinaongeza gharama. Mfano wangu ni visima na chemchemi za Arumeru, kwenye miteremko ya Mlima Meru, maana kule maji yanapita kwenye miamba ya volkano yanabeba floraidi nyingi, watoto meno yanakuwa ya kahawia na mtu akinywa maji yenye kiwango kikubwa miaka na miaka hata mifupa inaharibika. WHO (Shirika la Afya Duniani) wanasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na Tanzania zamani tulikuwa tunakubali mpaka 4 ila baadae tukashusha ikawa 1.5. Sasa maabara imekuletea 1.7, utawaambia nini wanakijiji? Bila sampuli za udhibiti huwezi kujua hiyo 0.2 ya juu imetoka kisimani, kwenye chupa au kwenye mashine.

Hatua ya 1: kabla hujatoka
Floraidi beba chupa za plastiki, za kioo achana nazo. Halafu uliza chupa zimeoshwa na nini, hili naomba mlisikie vizuri. Maabara nyingi zinaosha chupa za kupimia metali kwa asidi ya naitriki, na kwa risasi au shaba ni sawa kabisa, ila chupa hiyo hiyo ukiweka maji ya kupima naitreti unaweza kuishia kupima mabaki ya asidi ukadhani ni mbolea au vyoo vimeingia kisimani. Maji ya blanki (blanki ni chupa ya maji safi unayoipima kama sampuli, kuona kama uchafu umeingia njiani) nayo yatoke maabara, yale yaliyoondolewa madini yote, usinunue maji ya kunywa dukani maana yana madini yake, na floraidi inaweza kuwemo.
Idadi: kila sampuli 10 weka dupliketi 1 (sampuli ya pili ya kisima kile kile) na blanki ya fildi 1. Hata kama una sampuli 5 bado weka moja moja.

Hatua ya 2: blanki ya fildi
Hii inajaziwa PALE kisimani, sio ofisini asubuhi. Ukifika fungua chupa tupu, mimina yale maji safi ya maabara huku vumbi linapita na jenereta inanguruma, vaa glavu zile zile, kama sampuli zako unazichuja basi na blanki ichuje kwa kifaa kile kile, funga, bandika lebo. Yani yapitie kila kitu ambacho sampuli imepitia isipokuwa kisima.

Hatua ya 3: dupliketi
Acha pampu iende mpaka joto na kondaktiviti (uwezo wa maji kupitisha umeme) vitulie, jaza chupa ya kwanza, na hapo hapo jaza ya pili kutoka kwenye bomba. Usichote ndoo moja ukagawa mara mbili, ukifanya hivyo unaipima maabara tu, mkono wako hujaupima. Na usiiandike "dupliketi" kwenye lebo! Ipe namba kama kisima kingine na muda tofauti, ukweli uandike kwenye daftari lako, maabara wasijue.

Hatua ya 4: kusafirisha
Deli lenye barafu, fomu ya kukabidhiana isainiwe kila sampuli zinapobadilisha mikono. Naitreti ambayo haijawekewa dawa ya kuitunza ipimwe ndani ya saa 48, floraidi inavumilia mpaka siku 28.

Hatua ya 5: majibu yakirudi
Omba na majibu ya udhibiti wa maabara yenyewe, wasikupe namba za visima tu. Kuna blanki yao, kuna stendadi (maji yenye kiasi kinachojulikana), kuna spaiki, yani wanaongeza kiasi kinachojulikana kwenye sampuli yako waone kama kitarudi. Mfano sampuli ina 2.0, wameongeza 2.0, mashine ikasoma 3.7, basi imerudi 1.7 kati ya 2.0, asilimia 85. Ikirudi ndogo sana ujue kuna kitu kwenye maji kinaificha, kwa floraidi mara nyingi ni aluminiamu, waulize kama bafa (dawa ya kuiachia floraidi ionekane kwenye mashine) waliyoweka inatosha.
Dupliketi: 3.8 na 4.4, tofauti 0.6, wastani 4.1, gawanya zidisha mia unapata kama asilimia 15. Wengi wanakubali mpaka 20.

MASWALI YA WADAU

Mkuu, blanki yangu imesoma floraidi 0.3, si nitoe tu 0.3 kwenye majibu yote?
Hapana ndugu, usitoe. Hujui kama kila chupa imechafuka sawa sawa. Kisima chenye 8 hakiyumbi kwa hiyo 0.3, kiripoti na uandike blanki ilisoma ngapi. Chenye 1.6 rudi ukachukue upya, na kabla ya kurudi tafuta uchafu umetokea wapi, anza na maji ya blanki yenyewe.

Niko Singida, dupliketi za naitreti zimetoka 0.2 na 0.4, hiyo ni asilimia 67, maabara wamekosea?
Sio lazima dada. Namba zikiwa karibu na kiwango cha chini ambacho mashine inaweza kuona, asilimia inakudanganya. Itumie pale majibu yote mawili yanapozidi kiwango hicho mara tano hivi, chini ya hapo angalia tofauti yenyewe.

Mwalimu, na E. koli (bakteria wa kinyesi) je?
Chupa zilizouliwa vijidudu maabara (sterilaizi), usisuuze, usiguse mdomo wa chupa, na kama maji yana klorini chupa iwe na thaiosalfeti (dawa ya kuua nguvu ya klorini) ndani. Blanki ni maji yaliyouliwa vijidudu kwa namna hiyo hiyo. Jitahidi yafike maabara ndani ya saa 6, yasizidi 24.

Bajeti ya mradi inalipia vipimo 6 tu na visima ni 6, nifanyeje?
Pima visima 4, dupliketi 1, blanki 1. Viwili vilivyobaki waandikie wafadhili kwamba havijapimwa, na uwaambie itagharimu kiasi gani kuvimaliza.