Namna ya Kurekodi Usemi wa Wazee wa Nyumbani Bila Kuunyoosha

Siku moja nyanya yetu, mzaliwa wa Mombasa, alimwita mjukuu wake aliyelelewa Nairobi kwa neno moja tu, "Ndoo!", na mtoto yule, kwa adabu zake zote, akaenda bafuni akamletea ndoo ya maji. Tulicheka sote isipokuwa nyanya mwenyewe, na tangu siku hiyo nyanya humwambia mjukuu huyo "njoo", ilhali sisi wengine bado hutuita kwa Kimvita chake, lahaja ya Mombasa ambamo "njoo" ni "ndoo". Yeyote anayetaka kurekodi lahaja ya wazee wake na aanzie hapo: mzee hana usemi mmoja, bali huupima kwa anayemsikiliza.

Kwanza, jiondolee wazo kwamba unakwenda kukusanya makosa. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928, yaani katika mji wa Kimvita chenyewe, na uchaguzi huo haukuifanya "ndia" kuwa "njia" iliyoharibika wala "mato" kuwa "macho" yaliyokosewa. Wazee wengi waliosahihishwa shuleni hawajasahau, na wakiona uso wako umekunjamana kidogo tu, watakupa Kiswahili cha redio mpaka betri iishe.

Omba ruhusa mapema, siku moja kabla ikiwezekana, ukieleza nani atasikiliza na rekodi itawekwa wapi. Mwahidi mzee kwamba akitaka kitu kifutwe kitafutwa, kisha uitimize ahadi hiyo, kwa kuwa mazungumzo ya nyumbani hayakosi habari za ndoa na mirathi ya watu.

Jambo ambalo wengi hulikosea ni kukaa mbele ya mzee na orodha ya maswali. Ukimuuliza, "Zamani mlikuwa mkisemaje?", atakutajia maneno matano ambayo kila mtu anayajua, kisha atanyamaza. Mtafutie mwenzake, dada yake au shoga yake wa utotoni, mtu anayezungumza naye bila kuchagua maneno, na uwape kazi ya mikono: nazi ya kukuna kwa mbuzi, tui la kuchuja kwa kifumbu, au mchele wa kupeta. Mikono ikishughulika, ulimi husahau kwamba kuna simu. Wewe kaa pembeni, usaidie kazi, na ukipitwa na neno usiwakatize. Liandike kwenye daftari ukaliulize baadaye.

Simu iweke juu ya kitambaa kilichokunjwa, karibu na wasemaji kuliko kwenye kinu au sufuria, na uzime feni, kwani mvumo wake ambao sikio limeshauzoea humeza herufi nzima katika rekodi. Mwanzoni taja kwa sauti tarehe, mahali na waliopo. Nakala ihifadhiwe mahali pawili.

Katika kuandika, andika unachosikia. Akisema "yuwaja", usiandike "anakuja", na simu yako ikitaka kukusahihisha, izime huduma hiyo kwanza. Maana ya sanifu iweke katika safu ya pili. Kazi hii ni ya polepole, na dakika 10 za mazungumzo zinaweza kukumalizia asubuhi nzima. Kwa hiyo chagua vipande vichache uviandike vizuri. Familia za Barawa, mji wa pwani ya Somalia, zilizotawanyika baada ya vita vya Somalia vya mwaka 1991, ambazo husema Chimwiini, lahaja ya Kiswahili ya mji huo, zina haja kubwa zaidi ya uangalifu huu, kwa sababu mtaa uliokuwa ukiisahihisha lugha yao kwa masikio haupo tena mlangoni.

Safu ya tatu, ambayo kwangu ndiyo yenye thamani kuliko zote, ni ya msikilizaji: kila usemi unapobadilika, andika nani alikuwapo. Katika rekodi yetu ya kwanza, nyanya na dada yake wanamzungumzia mpwa wao anayetarajiwa kutoka Malindi, na wote wawili wanasema "yuwaja, yuwaja". Kisha inasikika hodi, anaingia jirani aliyehamia kutoka bara, anakaribishwa, anauliza mgeni yuko wapi. "Anakuja," anajibu nyanya, taratibu, kama anayesoma ubaoni. Pembeni mwa neno hilo niliandika: jirani ameingia.