Kuoka mikate na watoto wa miaka 4 hadi 7 kwenye bustani ya michezo: hatua kwa hatua

Wanaonipigia simu wakitaka kufungua kona ya upishi kwenye bustani za michezo hapa Dar huanza na swali moja: tupike nini? Mimi huwarudishia langu: mtoto atafanya nini kwa mikono yake? Maana kona nyingi ninazoziona mtoto anavalishwa kofia ya mpishi, anapigwa picha, halafu mtu mzima anamalizia kila kitu. Mtoto wa miaka minne si mjinga, anajua kabisa kwamba mkate ule hakuuoka yeye.

Kwa hiyo mpangilio huu wote una lengo moja, mtu mzima asipate sababu ya kuingiza mkono. Ni wa zamu ya watoto 8, wasimamizi wawili mezani na mtu mmoja wa oveni asiyefanya kazi nyingine yoyote.

Hatua ya 1: Chagua chakula ambacho moto wake hauko mezani

Mandazi yanapendwa, lakini karai la mafuta ya moto na watoto waliotoka kukimbizana kwenye bembea havikai pamoja. Chapati nazo zina shida yake: kusukuma wanakupenda mno, ila kikaango kiko wazi na kila mmoja atataka kugeuza ya kwake. Mkate mdogo wa oveni ndio jibu. Kazi ya mtoto inaishia trei inapoondoka mezani, na baada ya hapo hakuna anachodhani amenyimwa.

Tumia oveni ya gesi. Umeme ukikatika trei zikiwa ndani, utakuwa na kilio cha watoto wanane na wazazi kumi na sita.

Hatua ya 2: Panga meza na mpaka

Meza iwe chini ya usawa wa kiwiko cha mtoto akiwa amesimama. Kwa umri huu, sentimita 50 hadi 55 zinatosha. Usimpandishe mtoto kwenye kiti ili afikie meza ya watu wazima, anapokanda anaegemeza uzito wote mbele na kiti kinateleza.

Oveni ikae nyuma ya kizuizi, mita 2 au zaidi kutoka mezani. Kamba peke yake haitoshi, watoto hupita chini yake. Weka meza iliyolazwa ubavu au benchi zito.

Hatua ya 3: Kanda mapema, lakini usikande vyote kwa pamoja

Kipimo cha zamu moja:

Unga wa ngano gramu 500, sukari vijiko vya chakula 3, hamira ya chembe vijiko vya chai 2, chumvi kijiko cha chai 1, mafuta ya kupikia vijiko vya chakula 3, na maji kama mililita 300. Ongeza maji kidogo kidogo, maana unga hautofautiani jina tu, kuna unaokunywa maji zaidi ya mwingine.

Unapata madonge 12 ya gramu 70. Watoto ni 8, manne ni akiba. Usiyaone ya ziada: donge litaanguka chini, au mdogo wa mtu atalia nje ya uzio mpaka apewe na yeye.

Sasa joto la Dar. Maelekezo mengi ya mikate yanasema maji ya vuguvugu na saa moja ya kuumuka, na yameandikwa na watu wa nchi za baridi. Kwenye nyuzijoto 30 na kitu, unga wenye hamira hiyo unaweza kuwa tayari ndani ya dakika 40, na ukiuacha saa mbili unanuka pombe, unanata, na mkono wa mtoto unazama ndani yake. Tumia maji baridi ya friji. Kanda unga wa kila zamu kivyake, kama saa moja kabla, na ule wa zamu inayofuata ukae kwenye friji au kwenye boksi lenye barafu.

Wengine hupenda watoto wapime na kuchanganya wenyewe tangu mwanzo. Nyumbani ni vizuri sana. Bustanini, foleni ikiwa inasubiri, utamaliza muda wako wote kufagia.

Hatua ya 4: Uliza kuhusu mzio kabla ya kupokea pesa

Usiulize "ana tatizo lolote?" kwa sababu jibu huwa "hapana." Taja vitu kimoja kimoja: ngano, maziwa, mayai, karanga, ufuta. Ufuta husahaulika, na ndio huo tunaopenda kuunyunyiza juu ya mikate. Marekani waliuingiza kwenye orodha ya vyakula vikuu vya mzio ambavyo lazima vitajwe kwenye lebo kuanzia Januari 2023. Mimi nimeuondoa kabisa mezani, pamoja na karanga. Mayai pia situmii, juu napaka maziwa, na mwenye mzio wa maziwa anapakiwa maji. Mwenye mzio wa ngano usimpokee kwenye zamu hii, kwa sababu vumbi la unga limetapakaa kila mahali.

Hatua ya 5: Mikono

Vua bangili na pete, funga nywele, kunja mikono ya nguo. Aliyetoka kwenye maji avae nguo kavu kwanza. Kisha ndoo ya bomba, sabuni, na kusugua kwa sekunde 20 kamili, wahesabu wote kwa sauti. Vitakasa mikono havifanyi kazi vizuri kwenye mkono wenye uchafu na mabaki ya pipi, na mikono ya namna hiyo hapa imejaa.

Waambie sheria moja tu: unga mbichi hauliwi. Hata usio na mayai unaweza kubeba vimelea. Mwaka 2016 watu waliugua huko Marekani kwa bakteria aina ya E. koli waliotokana na unga wa ngano. Mtoto hahitaji hadithi hiyo. Mwambie, "Huu bado haujaiva, tumbo litauma," na akilamba kidole anarudi kunawa.

Hatua ya 6: Kuumba

Hapa ndipo penye shughuli yenyewe, usipaharakishe. Toa dakika 15.

Mpe kila mtoto donge lake na kijiko kimoja cha unga wa kunyunyizia, kwenye kisosi chake. Ukiweka bakuli moja la wote, wawili wa kwanza watalimaliza. Waache wabonyeze dakika mbili bila maelekezo. Halafu anza na nyoka, kwa sababu karibu kila umbo linatoka kwenye nyoka: konokono, fundo, herufi ya jina.

Mtazame mtoto wa miaka minne anavyosukuma. Anaweka kiganja kimoja katikati na kukandamiza, na nyoka anakatika hapohapo. Mwonyeshe kwa donge lako wewe: mikono miwili katikati, kisha isogee kila mmoja upande wake huku ikisukuma mbele na nyuma. Usimshike mikono. Akikosa mara mbili ya tatu anapata.

Wa miaka sita na saba watachoka na nyoka. Wape kusuka ukili wa nyuzi tatu. Wasichana wengi wameshaona nywele zikisukwa na huelewa upesi, na wavulana huwaiga.

Donge likianza kurudi nyuma kila linapovutwa, limechoka. Lifunike kwa kitambaa chenye unyevu kwa dakika tatu, litalainika. Baadaye, aliyeumba mnyama kama kobe atengeneze macho yake kwa kubonyeza mpini wa kijiko. Zabibu kavu huleta hatari ya kukaba, hasa kwa wadogo, kwa hiyo mashimo yanatosha.

Viungo vya kubandika, kama miguu ya kobe au masikio ya paka, vinadondoka vikiiva. Lowesha sehemu ya kuunganisha kwa tone la maji kisha abonyeze kwa nguvu. Na mkia mwembamba utaungua kabla tumbo halijaiva, mwambie aukunje uegemee mwilini.

Hatua ya 7: Wazazi

Wakae nje ya uzio. KidZania, bustani za michezo ya kazi zilizoanzia Mexico mwaka 1999 na ambazo familia nyingi zetu zilizoko Dubai zinazifahamu, hufanya hivyohivyo: mtoto anaingia kazini, mzazi anatazama kwa nje. Ila usimwache mzazi mikono mitupu. Mpe kitambaa chenye maji cha kumfuta mtoto akitoka, na mwonyeshe pa kusimama ili apate picha nzuri. Akianza kupiga kelele "siyo hivyo, zungusha!", mwambie kwa upole, "Mama, mwache auharibu, ni wake." Wengi hucheka na kunyamaza.

Hatua ya 8: Trei, oveni na kusubiri

Tandika karatasi ya kuokea na uandike kwa penseli jina chini ya kila mkate, mbali na unga wenyewe. Kisha chora ramani ya trei kwenye daftari, kwa sababu kuna karatasi itakayolowa au kukunjika. Usidharau jambo hili. Ukimkabidhi mtoto kobe aliyenona kuliko wa kwake atakwambia "huu siyo wangu," na hatabembelezeka.

Acha mikate iumuke dakika 15 ikiwa imefunikwa, paka maziwa, oka kwa nyuzijoto 200 kwa dakika 12 hadi 15. Mikate membamba ikae katikati ya trei. Mkate ulioiva ukiugonga chini unatoa mlio wa utupu.

Kwa jumla, pamoja na kupoa, ni dakika 40 ambazo hakuna mtoto atakayekaa kuzisubiri. Ndiyo raha ya kufanyia bustanini: andika saa ya kurudi kwenye tiketi, waende kwenye treni, na wewe upokee zamu nyingine.

Mtu wa oveni awe karibu na bomba. Yeyote akiungua, maji baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno, asali, ute wa yai na barafu visiguse kidonda. Malengelenge yakitokea, au ikiwa ni uso au kiganja, ni hospitali.

Hatua ya 9: Kukabidhi

Mkate upoe kwenye waya dakika 10 kabla haujaguswa na mtoto. Tia kwenye mfuko wa karatasi. Ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019, na hata ingekuwepo ingeutoa jasho mkate ukawa laini vibaya. Mtoto aite jina lake mwenyewe, apokee mwenyewe.

Unga uliobaki mezani, hata ukionekana msafi, utupe. Umepitia mikono ya watu wanane. Futa meza kwa maji ya sabuni, badilisha vitambaa, toa unga wa zamu ijayo kwenye friji dakika 15 kabla hawajafika ili usiwe mgumu mikononi mwao.