Aiskrimu ya zabibu: kazi yote iko kwenye kuchuja maji

Wengi wakitaka aiskrimu ya nyumbani wanaanza kuhangaikia matunda. Mimi naanza na maziwa, siku mbili kabla, maana protini iko huko, na aiskrimu nyepesi, yaani yenye mafuta na sukari kidogo, inaharibikia hukohuko. Aiskrimu ya dukani inalainishwa na mafuta na sukari. Ukivipunguza hivyo, maji yanayobaki yanaganda vipande vipande na unakula barafu. Kwa hiyo maji lazima yatoke kabla ya kuingia kwenye friza.

Lita mbili za maziwa freshi zinatosha bakuli sita. Nayachemsha, nayaacha yapoe kabisa, halafu naengua malai yote iliyotanda juu. Watoto wanaipaka kwenye mkate, haipotei. Nayapasha tena mpaka yawe ya uvuguvugu, kidole kinavumilia bila shida, nakoroga humo vijiko viwili vya chakula vya mtindi usio na sukari, nafunika na kuyaacha usiku kucha. Miezi ya Juni na Julai, baridi ya Dodoma inapokuwa kali, sufuria nalivisha blanketi, la sivyo asubuhi unakuta maziwa yaleyale.

Yakishaganda, yamimine kwenye kitambaa cheupe cha pamba kilichochemshwa, funga pembe zake nne, kisha kining'inize juu ya sufuria. Kama friji yako ina nafasi, ining'inize humo. Mimi nafungia kwenye mwiko, naulaza juu ya mdomo wa sufuria refu, na lote linaingia chini kwenye friji. Usiache nje mchana wa Oktoba, mtindi utachachuka kupita kiasi. Na nje huku kwetu kuna upepo na vumbi muda wote. Acha saa sita mpaka nane. Kinachobaki kitambaani kinasimama kwenye kijiko bila kudondoka, na ndicho unachokitaka. Kikidondoka, rudisha kikaning'inie. Yale maji ya kijani-njano usiyamwage: kandia chapati au pikia uji, nayo yana protini kidogo.

Mdogo wangu, anayenyanyua vyuma na kununua makopo ya unga wa protini kwa bei ya kutisha, aliniuliza, "Dada, sasa hapa protini iko wapi?" Nikampigia hesabu. Lita moja ya maziwa ya ng'ombe ina protini gramu 32 hivi, kwa lita mbili ni 64. Ukitoa inayoondoka na maji, kila bakuli linabaki na gramu 8 au 9. Yai moja lina 6 hivi. Hakunijibu, aliongeza bakuli.

Sasa matunda. Zabibu za huku zinajaa sokoni kwenye Machi, halafu tena Agosti na Septemba. Chukua nusu kilo ya zile nyeusi zilizoiva mpaka zinaanza kulegea. Osha, weka sufuriani bila tone la maji, moto mdogo, funika mpaka zipasuke. Pitisha kwenye chujio la matundu makubwa kwa kusugua na mgongo wa kijiko. Mbegu zitabaki juu, rangi yote ya maganda itashuka. Rudisha ile rojo jikoni, safari hii bila mfuniko, ichemke taratibu mpaka ukipitisha mwiko chini ya sufuria njia inabaki wazi kidogo kabla haijajifunga. Ipoe kabisa.

Ponda ndizi mbivu tatu, zile zenye madoa meusi, maana utamu wake ndio sukari yako. Changanya na rojo ya zabibu, mtindi mzito, na vijiko viwili vya chakula vya unga wa ubuyu. Nasema unga mweupe uliopepetwa kutoka kwenye tunda lenyewe, siyo ubuyu mwekundu wa rangi na sukari. Ubuyu una pektini, inashika maji na kuzuia chengachenga za barafu, na uchachu wake unaamsha zabibu. Onja. Baridi inafifisha utamu, kwa hiyo ukionja sasa iwe tamu zaidi kidogo kuliko unavyotaka. Ikipungua, kijiko kimoja cha asali kinatosha, ila mtoto asiyefikisha mwaka asipewe asali. Na mwenye sukari ajue kwamba zabibu na ndizi si maji. Ale kwa kipimo chake.

Mimina kwenye trei pana ya bati au chuma, unene wa vidole viwili. Kwenye chuma inaganda haraka kuliko kwenye plastiki, na kuganda haraka ndiko kunakofanya chembe za barafu ziwe ndogo. Kila nusu saa toa, vuta kwa uma zile kingo zilizoganda uzilete katikati, piga vizuri, rudisha. Mara nne hivi. Umeme ukikatika usifungue friza kuchungulia. Ikiyeyuka kidogo, piga na ugandishe tena; ikiwa imeshakuwa ya vuguvugu, usiigandishe, na kama imekaa hivyo saa nyingi, imwage.

Kwa kuwa mafuta ni machache, kesho yake utaikuta ngumu kama jiwe. Iache mezani dakika kumi kabla ya kugawa, mchana wa jua kali tano zinatosha. Juu nyunyiza kijiko kimoja cha karanga zilizokaangwa na kupondwa. Kimoja tu: karanga ina protini nyingi, lakini karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, na ukimwaga kiganja kizima kazi ya kuengua malai umeifanya bure.

Msimu wa zabibu ukipita, tumia embe lililoiva, halihitaji hata kupikwa. Papai pia linakubali, ukiongeza ubuyu. Tikiti usijaribu, lile ni maji matupu.